Goma na Bukavu: Anayetaka kuotesha mboga ao kulea vifaranga ndani ya nyumba, aanze na hesabu ya umeme

Kwenye telefone za vijana wa Goma na Bukavu kunapita video zinazofanana. Chumba kimoja cha nyumba, kuta zimepakwa rangi nyeupe, etajeri zimepangwa toka chini hadi juu, na kila etajeri ina taa ya rangi ya zambarau. Chini ya taa kuna saladi za kijani zilizonona. Anayezungumza kwenye video anasema kila mtu anaweza kufanya vile nyumbani kwake, bila shamba, bila jembe, na kupata pesa kila mwezi.

Mtu asiwacheke wanaotamani jambo hilo. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na parsele nyingi hazina hata udongo wa kupanda kitunguu. Bukavu imebanwa kati ya milima na ziwa, nyumba zinapandana. Mboga za Goma zinatoka Masisi, Rutshuru na Minova, za Bukavu zinatoka Kabare na Walungu. Barabara ikifungwa, ao mvua ikikata njia, mama wa soko anapandisha bei siku hiyohiyo. Familia yenye chumba kimoja kisicho na kazi inajiuliza swali la akili: kwa nini chumba hicho kisilishe nyumba?

Shida haiko katika swali hilo. Shida ni kwamba wengi wanaanza na mwisho. Wananunua taa, wanaipeleka nyumbani, ndipo wanatafuta prizi. Prizi ikiwa mbali, wananunua ralonji. Ralonji ikijaa, wanaongeza multiprizi. Hesabu ya umeme inakuja nyuma, mara nyingi wakati waya umeanza kunuka. Anayetaka chumba cha kuotesha ao cha kulea angepaswa kuchukua karatasi na kalamu kabla ya kutoa dola moja. Tena hesabu hiyo si yake peke yake. Inamhusu mwenye nyumba, fundi wa umeme, muuzaji wa vifaa, na jirani anayelala upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Laini ya nyumba ndiyo mpaka

Miaka kumi ya nyuma imebadilisha mambo ya umeme katika Kivu. Zamani karibu kila kitu kilitegemea mto Ruzizi: mtambo wa kwanza wa mwaka 1958, na wa pili wa mwaka 1989 ambao Kongo inaugawana na Rwanda na Burundi. Mwaka 2015 mtambo wa Matebe ulianza kazi kule Rutshuru. Mwaka 2020 mtambo wa pano za jua wenye nguvu ya megawati 1,3 uliwashwa mjini Goma. Kwa hiyo nyumba nyingi ambazo zamani zilikaa na mshumaa, leo zina kompteri ya kulipia mbele, na watoto wanasomea chini ya ampuli.

Lakini kuwa na umeme na kuwa na umeme wa kutosha ni mambo mawili. Kila nyumba ina mpaka wake, na mpaka huo umeandikwa juu ya disjonkteri, kile kikatio kinachoanguka chenyewe umeme ukizidi. Kikiwa kimeandikwa ampere 10, hesabu ni rahisi: volti 220 mara ampere 10 ni wati 2 200. Hapo ndipo nyumba nzima inafika. Na kwa vyombo vinavyowaka saa nyingi bila kupumzika, mafundi wenye uzoefu wanashauri kutopita asilimia 80 ya mpaka huo, maana yake wati 1 760, kwa sababu waya uliobeba mzigo mkubwa usiku kucha unapata moto hata kama disjonkteri haijaanguka.

Sasa mfano wa nyumba ya kawaida. Frigo wati 150, televizyo wati 80, ampuli tano za wati 10. Jumla ni wati 280. Mtu akiongeza chumba cha mboga chenye taa za wati 400, kipepeo cha kutoa hewa cha wati 40 na pampu ndogo ya maji ya wati 20, anafika wati 740. Bado nafasi iko. Lakini asubuhi baba anataka kupiga pasi ya wati 1 200: jumla 1 940, tayari imepita ule mpaka wa usalama. Mama naye akiwasha resho ya wati 1 500 pahali pa pasi, jumla inakuwa 2 240 na nyumba yote inaweza kuingia giza.

Kinachofuata kinajulikana katika kila kata. Fundi wa jirani anaitwa. Anatoa disjonkteri ya ampere 10 na kuweka ya 20 ao 32, lakini waya ndani ya ukuta unabaki uleule mwembamba. Ao tena, fusibo iliyoungua inafungwa na kipande cha waya wa shaba. Umeme unarudi, kila mtu anafurahi, fundi analipwa. Hakuna anayesema kwamba kilichoondolewa ndicho kilikuwa mlinzi wa nyumba. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza kukatika wakati umeme umezidi kitakuwa waya wenyewe, ndani ya mbao.

Saladi moja inakula umeme wa kiasi gani?

Baada ya nguvu inakuja bei. Taa za kisasa za LED zinahitaji karibu wati 100 kwa kila metre moja ya mraba ili saladi, lengalenga ao mboga nyingine za majani zikue vizuri, na zinapaswa kuwaka saa 14 hadi 16 kwa siku. Tomati na puwavro zinataka mwanga mara mbili ao tatu zaidi ya huo, kwa kuwa ni mimea ya kuzaa matunda.

Kwa metre 4 za mraba, taa za wati 400 zikiwaka saa 16 zinakula kilowati-saa 6,4 kwa siku. Kipepeo kinachozunguka usiku na mchana kinaongeza 0,96. Pampu inaongeza 0,48. Jumla ni kilowati-saa 7,84 kila siku, karibu 235 kwa mwezi. Kila nyumba iweke hapo bei inayolipa. Kwa mfano tu, kwa senti 25 za dola kwa kilowati-saa moja, mwezi unakula karibu dola 59.

Metre 4 za mraba, zikipandwa kwa nafasi ya sentimetre 20, zinabeba saladi 100. Kama zinachukua siku 40 kabla ya kuvunwa, umeme wa siku hizo 40 ni karibu kilowati-saa 314, sawa na dola 78. Maana yake kila saladi imekula senti 78 za umeme, kabla ya kulipa mbegu, mbolea, maji, taa zenyewe na kazi ya mikono. Anayetoka kwenye karatasi na namba hiyo anaweza kwenda sokoni Virunga ao Kadutu, kuuliza bei ya saladi, kisha arudi nyumbani na jibu lake.

Wengine watajibu kwamba pano za jua zitamaliza neno hilo. Hesabu inasema vingine. Pano moja nzuri ya wati 400, siku ya jua zuri katika Kivu, inaleta karibu kilowati-saa 1 na nusu inayotumika kweli. Chumba kile cha metre 4 kingetaka pano sita, batri nyingi za kubeba umeme wa usiku, na konvertiseri. Tena jambo lenyewe linashangaza: pano inashika karibu moja ya tano tu ya nguvu ya jua, umeme wake unapitia batri na kupungua, kisha taa inageuza karibu nusu yake tu kuwa mwanga. Mtu anachukua jua, anapoteza sehemu yake kubwa njiani, ili atengeneze jua dogo ndani ya chumba. Na jua lenyewe lilikuwa pale juu ya manjanja ya paa lake.

Wanaotengeneza video zile, wengi wao wanaishi inchi ambako theluji inafunika shamba miezi minne na jua linazama saa kumi jioni. Kwao taa ni lazima. Goma na Bukavu ziko karibu kabisa na ikweta. Zinapata saa 12 za mwanga kila siku, Januari sawa vile Julai, na baridi yake haiui mboga. Kwa lengalenga, shu na tomati, mifuko iliyojazwa udongo na kupangwa uani, chini ya karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, inafanya kazi ile ya taa bila kompteri kuzunguka. Kuiga chumba cha zambarau bila kuuliza kwa nini kilijengwa kule ni kununua dawa ya ugonjwa ambao mtu hana.

Kinachostahili chumba

Hii haimaanishi chumba cha ndani hakina faida. Kina faida kwa vitu vinavyokubaliana na laini ya nyumba.

Cha kwanza ni uyoga. Uyoga ule wa rangi ya kijivu unaoota juu ya mabaki ya mimea hauhitaji taa kali. Mifuko yake inakaa gizani wiki za kwanza, kisha inataka mwanga kidogo, hewa safi na unyevu mwingi. Baridi ya Goma na Bukavu, miji iliyo zaidi ya metre 1 400 juu ya bahari, inaufaa bila mashine ya kupoza. Majani makavu ya migomba na maganda ya maharagwe yanakuwa chakula chake. Ampuli moja ya wati 10 na kipepeo kidogo vinatosha. Kwa siku nzima chumba hicho kinakula umeme chini ya ule wa frigo.

Cha pili ni miche. Mbegu za tomati, puwavro na shu zinaweza kuoteshwa katika sanduku za mbao juu ya etajeri moja, taa ya wati 40 ikisaidia siku za mawingu, halafu miche inatolewa inje baada ya wiki nne ao tano. Hapo taa inatumika muda mfupi, juu ya nafasi ndogo, kwa kitu ambacho wakulima wananunua mmoja mmoja. Pesa ya umeme inarudi.

Cha tatu, na ndicho kinachofanywa na familia nyingi zaidi, ni vifaranga. Kifaranga wa siku moja anataka joto la digrii 33 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha linapunguzwa karibu digrii 3 kila wiki. Usiku wa Bukavu unaweza kushuka hadi digrii 15. Taa moja nyekundu ya wati 250 inaweza kulea vifaranga karibu 100 ikiwa sanduku limefungwa vizuri na upepo hauingii. Ikiwaka usiku na mchana inakula kilowati-saa 6 kwa siku, na kwa wiki tatu inafika 126. Kwa ile bei ya mfano ni karibu dola 31 na nusu, senti 31 na kidogo kwa kila kifaranga. Anayefunika sanduku lake na mbao mbili zenye maranda katikati, na kuzima taa wakati wa mchana wenye jua, anapunguza sehemu nzuri ya pesa hiyo. Vifaranga wenyewe wanasema kama hesabu ni nzuri: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni wana joto, wakitawanyika na kula wako sawa.

Umeme ukikatika saa mbili za usiku

Kila mkaaji wa Kivu anajua delestaji. Lakini wengi wanaopanga chumba cha ndani wanapanga kama vile wanaishi pahali ambapo umeme haukatiki. Saladi inaweza kukaa gizani usiku mmoja na isife. Kifaranga wa siku tatu hawezi. Mayai yaliyo ndani ya mashine ya kutotoa, yanayotaka digrii 37 na nusu kwa siku 21, yanaweza kuharibika baada ya saa chache za baridi, na mwenye nyumba hatajua hadi siku ya kutotoa.

Jibu la haraka ni batri. Hapo tena kalamu inasaidia. Taa ya wati 250 kwa saa sita inakula wati-saa 1 500. Batri ya kawaida ya volti 12 na ampere-saa 100 ina wati-saa 1 200 kwa karatasi, lakini ile ya madini ya risasi haipaswi kunyonywa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Inabaki 600. Konvertiseri nayo inakula sehemu yake. Kwa hiyo zinatakiwa batri tatu kwa ajili ya taa moja na usiku mmoja. Kwa familia inayoanza, bei ya batri hizo inapita bei ya vifaranga wote.

Umeme wa batri unafaa kwa kipepeo, pampu na ampuli ndogo, vitu vya wati 60 kwa jumla, ambavyo batri moja inaweza kubeba saa sita na zaidi. Kwa joto, dawa ya bei ndogo ni maji. Bidoni za maji ya moto zilizofungwa kwa gunia na kuwekwa katikati ya sanduku lililofunikwa zinaweza kushika joto saa nyingi. Ni jambo ambalo bibi wa kijijini analijua bila shule.

Lakini wengi wanakimbilia mbabula. Wanawasha makala, wanaiweka ndani ya chumba kilichofungwa, wanalala. Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa isiyoonekana inayokaa mabondeni na kuua mbuzi na watoto. Gesi ya makala ni nyingine, lakini inaua kwa njia ileile ya kimya: haina harufu, haina rangi, na anayelala hapati nafasi ya kuamka. Chumba cha vifaranga kikiwa kando ya chumba cha watoto, na ukuta ukiwa wa mbao, mbabula isiingie ndani hata usiku mmoja. Kupoteza vifaranga mia moja ni hasara. Hasara hiyo haiwezi kulinganishwa na ile nyingine.

Waya, maji na mawe ya volkano

Katika Bukavu, hasa katika komini ya Kadutu, moto umekwisha kuteketeza nyumba nyingi zilizobanana, na mara kwa mara waya za umeme zinatajwa kati ya sababu. Goma nayo ina maelfu ya nyumba za mbao zilizojengwa juu ya mawe ya mwaka 2002. Kuweka chumba cha taa na maji ndani ya nyumba kama hizo ni kuongeza hatari mahali ambapo tayari iko.

Kanuni za kuipunguza si nyingi. Chumba hicho kiwe na waya wake peke yake toka kwenye kompteri, wa milimetre za mraba 2,5, na disjonkteri yake ya ampere 16 ao chini. Waya wa milimetre 1,5 ubaki wa ampuli. Waya uangaliwe kabla ya kununuliwa: ukikwaruzwa na kisu na ndani ukaonekana mweupe, si shaba nzima, hata kama rangi ya juu inadanganya. Ralonji isitumike kama waya wa kudumu, na isiachwe imezungushwa kwenye gurudumu lake, kwani ikizungushwa inashika joto na kuyeyuka. Taa ya vifaranga ining'inizwe na mnyororo, isining'inizwe na waya wake, tena iwe mbali na maranda karibu nusu metre. Prizi ziwe juu, maji yawe chini.

Iko pia ile waya ya tatu ambayo mafundi wengi wanaikata na kuitupa: waya wa ardhi. Mtu mwenye mikono yenye maji akigusa chombo kibovu, waya huo pamoja na disjonkteri diferensiali ya miliampere 30 ndivyo vinamwokoa. Goma ina shida yake hapo. Chuma cha kupiga chini hakiingii kwenye mawe, na mawe makavu ya volkano hayapitishi umeme vizuri. Fundi anayejua kazi anatafuta pahali penye udongo, anachimba shimo, analijaza udongo wenye unyevu, na anapima kabla ya kusema kazi imekwisha. Fundi anayepiga chuma cha sentimetre 30 katikati ya mawe na kuondoka, ameacha waya wa mapambo.

Kompteri moja, wapangaji wanne

Jambo la mwisho ni la ujirani. Katika parsele nyingi, familia tatu ao nne zinatumia kompteri moja na kuchanga franga kila wiki. Mmoja wao akianza kuwasha taa ya wati 400 saa 16 kwa siku, mchango wa mjane mwenye ampuli mbili unalipa saladi za mwingine. Ugomvi unaanza, mwenye nyumba anaitwa, na mara nyingi anakata mambo kwa kumfukuza mtu.

Hapo pia hesabu ya mbele ni adabu. Mpangaji anayetaka chumba cha kulea amwambie mwenye nyumba namba zake, na akubali kompteri ndogo ya pembeni inayopima chumba chake peke yake. Mwenye nyumba naye asikubali tu kwa sababu kodi inapanda. Laini ni yake, paa ni lake, na moto ukiwaka hautamuuliza nani alisaini mkataba.

Wapo wanaosema kwamba maneno haya ni ya watu wenye pesa, kwamba maskini hana nafasi ya kupima waya na kununua disjonkteri diferensiali, kwamba katika inchi hii mtu anafanya na alicho nacho. Ni kweli kwamba maisha ni magumu, na ni kweli pia kwamba mateso mengi ya umeme hayatokani na mkaaji. Lakini mwenye dola 200 za akiba ndiye asiyeweza kukosea. Tajiri akiunguza taa ananunua nyingine. Mama aliyeuza kitenge chake ili anunue vifaranga 100 hana mara ya pili. Kwake karatasi na kalamu havigharimu kitu, navyo ndivyo vitamwambia kama anunue taa, uyoga, ao mifuko ya udongo ya kuweka uani.

Wengine pia wana sehemu yao. Wauzaji wa taa wangeandika wati za kweli kwa namba kubwa juu ya kartoni, na waeleze saa za kuwaka. Makampuni yanayouza umeme yangeweza kumtumia mteja mpya fundi wa kuangalia waya za ndani kabla ya kumfunga, maana nyumba ikiungua anapotea mteja pia. Shule za ufundi za Goma na Bukavu zinatoa mafundi kila mwaka. Komini zingeweza kudai kwamba anayegusa disjonkteri ya nyumba ya watu awe na karatasi yake, na aache jina lake juu ya kazi aliyofanya. Viongozi wa avenyi, wanaojua kila parsele, wangekuwa wa kwanza kuuliza waya ule unaopita juu ya manjanja ya jirani unaenda wapi.

Hadi mambo hayo yafanyike, kila nyumba inabaki na ulinzi wake wa kwanza: kusoma namba iliyoandikwa juu ya disjonkteri, kujumlisha wati za vyombo vyote, kuzidisha kwa saa na kwa bei, na kukubali jibu linalotoka. Jibu likiwa zuri, chumba kiwashwe na familia ipate faida. Jibu likiwa baya, pesa ibaki mfukoni na mboga zitoke inje juani. Hasara ya kwenye karatasi inafutwa na gomu. Iliyoandikwa na moto, katika kata ya nyumba za mbao, haifutiki, wala haichagui nyumba ya aliyekosea peke yake.